Nimeinua VX 80 inchi 2, sasa usukani haurudi wenyewe. Ni kasta au fundi ananizungusha?

Chuma Kizee (mwenye uzi)

Wakuu salaam. Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, injini 1HZ, manyuali. Mwaka wa sita huu nipo nayo na haijawahi kunilaza njiani. Mwezi uliopita nikafunga springi za kuinua inchi 2 na shokapu zake, nikatoa tairi 275/70R16 nikaweka 285/75R16. Kwa macho gari imependeza, hata jirani asiyenisalimia siku hizi anasimama.

Shida ipo barabarani. Usukani umekuwa mwepesi ajabu. Nikikata kona nikauachia, haurudi, unabaki palepale mpaka niurudishe mwenyewe. Nikitoka Mbezi kuelekea Chalinze, kuanzia spidi 80 gari inatangatanga, roli likinipita ndiyo kabisa. Nimefika Morogoro mabega yanauma kama nimelima.

Fundi aliyefunga anasema stelingi boksi (boksi la gia za usukani) imekufa, nitafute ya mtumba. Jirani anasema ni kasta. Kasta ninayoijua mimi ni ya kula na keki. Naombeni msaada kabla sijatoa hela.

Karanga Mbichi

Nimeshika siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

Spana 17

Mkuu, jirani yako mpe soda.

Chukua baiskeli ya Phoenix, itazame kwa ubavu. Foku haijasimama wima, imelala kidogo, juu imerudi kwa mwendeshaji na chini imetangulia. Ndiyo maana ukiachia mikono kwenye mteremko tairi inajinyoosha yenyewe. Huko kulala ndiko kasta. Sasa wewe umenyanyua bodi. Kwenye 80 ekseli ya mbele imeshikwa na amu (mikono ya chuma) mbili ndefu zinazorudi nyuma mpaka kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, nyuma ya amu inapanda nayo, mbele imebaki kwenye ekseli, kwa hiyo ekseli nzima inazunguka na kuinamia mbele. Foku yako imesimama wima. Kiwandani 80 inatoka na kasta ya digrii 3 hivi, na kila inchi unayoinua inakula kama digrii moja. Piga hesabu umebaki na ngapi.

Stelingi boksi usinunue. Tafuta bushi za kasta, zile ambazo tundu halipo katikati, zifungwe kwenye amu pale mbele kwenye ekseli.

Mtaalamu wa Kijiweni

Uongo. Baba yangu alikuwa na 80 imeinuliwa tangu mwaka 2001, hakuwahi kufunga bushi yoyote ya ajabu na alikuwa anaenda Mbeya kwa mkono mmoja.

Karanga Mbichi

Mkono wa pili alikuwa ameshika nini?

Mama Jeki

Spana 17 kasema vizuri ila nimrekebishe mahali. Hiyo "inchi 2" imeandikwa kwenye boksi la springi, haijaandikwa kwenye gari. Springi za 1994 zilikuwa zimeshakaa. Ukitoa zilizochoka ukaweka mpya, mara nyingi gari inapanda inchi 3, na kasta inaondoka kwa hizo 3, siyo kwa 2 za kwenye boksi. Kaka Chuma Kizee, chukua futi, pima kutoka katikati ya habu ya tairi mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote 4. Kama hukupima kabla ya kufunga (najua hukupima, hakuna anayepima), tafuta 80 ambayo haijaguswa ulinganishe.

Na la pili ambalo hamjaligusa. Angalia hozi za breki, tairi ikiwa imening'inia kwenye jeki zisiwe zimekazwa kama kamba ya kuanikia. Halafu nyuma kuna valvu ya breki yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: gari ikikaa chini inajua umebeba, inaongeza breki za nyuma. Ukiinua bodi bila kurekebisha fimbo, yenyewe inaamini gari ni tupu siku zote. Usukani utakuchosha mabega, hilo la breki ndilo la kukupeleka pabaya.

Chuma Kizee

Asante dada Mama Jeki. Hiyo fimbo sikuwahi kuisikia. Fundi naye sidhani.

Mzee wa Kirumba

Vijana mna haraka na kasta. Mimi Mwanza nimefungua 80 nyingi, nami naanzia kwingine. Gari ya miaka 30, kuna mtu aliwahi kukaza bearing za kingpini, zile pini ambazo tairi ya mbele inazungukia ukikata kona? Zikilegea tairi inatikisika, fundi anaweka shokapu mpya ya stelingi kuficha, mtikisiko unapotea kwa miezi michache. Zikikazwa kupita kiasi ni kinyume chake: usukani haurudi, hata kasta iwe digrii 5. Ndiyo maana namuuliza mwenye uzi, wakati wa kufunga springi kuna mtu alifungua nundu za tairi za mbele akabadilisha sili za grisi?

Chuma Kizee

Ndiyo mzee. Zilikuwa zinavuja, akasema tumalize zote siku moja.

Mzee wa Kirumba

Basi mmeanza kunielewa.

Spana 17

Mzee shikamoo. Sikatai. Lakini kingpini ikibana usukani unakuwa mzito, na mwenye uzi kasema umekuwa mwepesi ajabu. Mwepesi na haurudi ni kasta.

Mzee wa Kirumba

Marahaba. Mwepesi kwa pampu ya hadroliki. Hiyo pampu inakuficha mengi. Zima injini, piga jeki mbele tairi zote zielee, zungusha usukani kwa mkono ndiyo unipe jibu la mzito au mwepesi.

Grogan Boy

Sasa wadau, niko Nairobi. Yangu ilikuwa hivyohivyo 2019. Makanika wa kwanza aliniambia steering box, nikanunua pale Kirinyaga Road, hakuna kilichobadilika. Wa pili akagundua kitu cha kuchekesha: wa kwanza, alipoifunga hiyo box niliyonunua, alikuwa amekaza ile skrubu ya juu ya box akidhani anaondoa uchezaji. Ukikaza hiyo kupita kiasi box inabana pale katikati na usukani haurudi. Alilegeza robo mzunguko tu, nusu ya tatizo ikaisha. Hiyo nusu nyingine nayo ikawa bushi za panhadi rodi. Kasta sikuigusa hadi leo. Nimeinua inchi 2 kama wewe.

Nzi wa Gereji

Hiyo panhadi rodi ni ipi? Tusaidieni sisi wa Vitz.

Mama Jeki

Ni ule mchuma unaokatisha upande mmoja kwenda mwingine, mwisho mmoja umefungwa kwenye chesisi, wa pili kwenye ekseli. Unazuia ekseli isitembee kushoto kulia. Ukiinua gari mchuma haurefuki, kwa hiyo unaivuta ekseli kidogo kuelekea upande uliofungwa kwenye chesisi. Ukitazama kwa mbele utaona tairi moja imetoka nje kuliko nyingine. Ni milimita chache, kwa inchi 2 wengi wanaziacha. Ila bushi zake zikifa, kila ukikata usukani ekseli inasogea kwanza ndipo tairi zikate. Huko ndiko kutangatanga.

Kupima ni rahisi. Injini iwashwe, gari imesimama chini, mtu ndani achezeshe usukani kushoto kulia kidogo kidogo, wewe ingia chini utazame. Kinachocheza kitajionyesha. Kwenye boksi tazama shafti inayoingia na mkono unaotoka: shafti ikizunguka na mkono umelala, hapo fundi ana haki.

Kimya Kingi

Miaka 4 nasoma tu humu, leo naandika. Jamaa ana tairi mpya kubwa za matope halafu hakuna aliyemuuliza ameweka upepo kiasi gani.

Chuma Kizee

Karibu mkuu. Kijana wa upepo aliweka 26, akasema tairi kubwa haitaki upepo mwingi.

Kimya Kingi

Weka 36 mbele, rudi Chalinze, halafu tuongee hayo ya digrii. Naondoka, tukutane baada ya miaka 4.

Baharia wa Maskati

Kaka zangu, huku Omani 80 ndiyo punda wetu wa mchangani. Tukiingia Wahiba tunashusha upepo mpaka 15, gari inaelea juu ya mchanga. Ila ukirudi kwenye lami ukasahau kujaza, hivyo alivyoeleza mwenye uzi ndivyo inavyokuwa, inaogelea kama ngalawa. Kwa 26 na tairi ya ukuta mrefu sishangai. Lakini upepo hauwezi kuzuia usukani kurudi kiasi hicho. Mimi naona ana maradhi mawili, mnayatafutia dawa moja.

Rasta ya Kimara

Nje ya mada kidogo. Nina Corolla 110, nimeweka raba kati ya pete za springi ipande, maana kwetu matuta ni marefu kuliko gari. Sasa tairi za mbele zinaisha ukingo mmoja. Nayo ni kasta?

Mama Jeki

Hapana mdogo wangu. Kasta haili tairi kwa kiasi cha kuonekana. Yako ni kemba au tou. Kemba ni tairi kulala ukiitazama kwa mbele, kama miguu ya mtu mwenye matege. Tou ni vidole kuelekeana au kuachana. Pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kuja ndani kisha urudi. Ukisikia meno ya msumeno upande mmoja ni tou. Ikiwa imeliwa laini ukingoni ni kemba.

Na hizo raba toa. Zinafunga pete mbili za springi, kwa hiyo springi inabaki na pete chache za kufanya kazi na hizo ndizo zitakazokatika. Ukitaka kupanda, afadhali spesa ya juu ya shokapu, isizidi sentimita 3, halafu alaimenti. Chini ya shokapu za Corolla kuna bolti mbili, ya juu unaweza kuibadilisha ukaweka ile yenye yai, inarudisha kemba kiasi.

Rasta ya Kimara

Ubarikiwe. Kwa hiyo spesa ya mbao aliyonichongea fundi seremala haifai?

Karanga Mbichi

Mninga au mkongo?

Rasta ya Kimara

Mninga.

Mtaalamu wa Kijiweni

Mninga hauozi, endelea nao.

Mama Jeki

Toa leo hii. Sitanii.

Shusha Chini

Wenzenu tunahangaika kushusha, nyie mnapandisha. GX100 yangu nimekata springi pete moja na nusu, kemba imeingia ndani, tairi za nyuma zinaliwa upande wa ndani kwa miezi 4. Sijuti.

Spana 17

Hujuti kwa sababu rasta (matuta) za Kimara hujazipitia.

Chuma Kizee

Wakuu mrejesho. Upepo nimepandisha mpaka 35. Kutangatanga kumepungua, naweza kusema theluthi. Usukani bado haurudi.

Nikaenda alaimenti ya kompyuta. Karatasi inasema kasta kushoto 0.9, kulia 1.4. Tou ilikuwa nje, wameirekebisha. Kijana wa mashine akaniambia kasta ya gari hii hairekebishiki, nisijisumbue.

Spana 17

Nilisema nini? 0.9! Na kijana yupo sahihi kwa mashine yake. Ekseli ngumu ukiwa umeiegesha pale unarekebisha tou tu. Kasta mpaka bushi, au bamba za kasta, au amu zilizopindwa kwa ajili ya hiyo.

Grogan Boy

Ngoja kwanza. Ekseli ya 80 ni bomba moja la chuma. Kushoto na kulia zinapishanaje nusu digrii? Ama ekseli imepinda, ama mashine imepima vibaya. Muulize kama alikata tairi digrii 20 kushoto halafu 20 kulia. Kasta haipimwi tairi ikiwa imenyooka, inahesabiwa kutokana na kemba inavyobadilika ukikata. Kama hakukata, hiyo 0.9 imetoka hewani.

Chuma Kizee

Sikumwona akikata. Lakini nilikuwa nje nakunywa chai.

Mzee wa Kirumba

Kupishana nusu digrii kwa gari la umri huo siyo ajabu, barabara zetu zinapinda hata reli. Jambo moja tu: gari huvuta upande wenye kasta ndogo. Yako inavuta kushoto?

Chuma Kizee

Inavuta kushoto kidogo, ndiyo.

Nzi wa Gereji

Hata Vitz yangu inavuta kushoto. Barabara yenyewe imeinamia kushoto maji yateremke.

Tochi ya Mikese

Nimesoma uzi wote, hakuna aliyemwambia kuhusu spidi. 285/75 ina kipenyo cha milimita 834 hivi, ya zamani 791. Asilimia 5 na ushee. Dashibodi ikikuandikia 50, wewe uko karibu na 53. Dashibodi ikisema umetembea kilometa 100, umetembea 105. Tochi ya trafiki haijui habari za tairi zako, faini ni 30,000 palepale.

Chuma Kizee

Dah. Sasa naelewa Jumanne iliyopita.

Chuma Kizee (wiki 2 baadaye)

Wakuu nimerudi. Nimefunga bushi za kasta, za plastiki ngumu, zimeandikwa digrii 2. Nimebadilisha bushi za panhadi. Fundi huyu mpya alipiga jeki kama mzee alivyosema, akasema kingpini zilikuwa zimekazwa "kidogo", akalegeza. Fimbo ya breki nayo ameirefusha.

Usukani sasa unarudi, siyo kama zamani ila unarudi. Nimefika Morogoro bila maumivu. Lakini mawili yananisumbua. Nimerudi kwenye mashine ileile, karatasi inasema kushoto 1.0, kulia 1.4. Yaani bushi za digrii 2 zimeleta sifuri nukta moja! Pili, kuanzia spidi 90 kuna mtetemo chini ya miguu, haukuwepo.

Grogan Boy

Haha. Kwa hivyo kasta iko palepale na usukani unarudi. Kilichokuponya ni kingpini. Mzee wa Kirumba, chukua pointi zako.

Spana 17

Msishangilie mapema. Nyie wenyewe mmesema mashine haikupima vizuri. Kama haikukata tairi mara ya kwanza na mara ya pili haikukata, itatoa namba zilezile hata ukifunga ekseli ya trekta. Na huo mtetemo ndio ushahidi wangu. Ukiinua gari, pua ya difu ya mbele (boksi la gia lililo kwenye ekseli) inapanda, inaelekea propela, yaani mchuma unaoizungusha. Ukirudisha kasta unaizungusha ekseli kurudi, pua inashuka, krosi (viungo) za propela zinapata pembe mbaya. 80 yenye 4WD ya muda wote propela ya mbele inazunguka wakati wote, kwa hiyo unaisikia. Kama kasta isingebadilika, mtetemo ungetoka wapi?

Mama Jeki

Au bushi zimeingia vibaya. Kila amu ina bushi mbili pale kwenye ekseli. Tundu la moja lazima liwe juu na la nyingine liwe chini, hapo ndipo ekseli inazunguka. Ukizisukuma zote tundu upande mmoja, ekseli inapanda au kushuka tu na kasta haiguswi. Zina alama ya mshale. Chuma Kizee, mshale unaelekea wapi?

Chuma Kizee

Nimelala chini ya gari sasa hivi na tochi ya simu. Amu ya kushoto mishale inaonekana, imepishana. Amu ya kulia fundi amepaka rangi nyeusi kila kitu, "ipendeze".

Karanga Mbichi

Nilijua tu kuna rangi nyeusi mahali.

Baharia wa Maskati

Kama kushoto zimepishana na kulia hazijapishana, amu mbili zinagombania ekseli moja. Kila moja inataka kuipeleka kwake. Huo mtetemo unaweza kuwa hapo pia.

Mzee wa Kirumba

Au krosi zilikuwa zimechoka kabla, sasa zimepata kisingizio. Shika propela kwa mkono uitikise. Pua ya difu isipokubali kurudi sawa, kuna propela zenye krosi mbili upande mmoja, dabo kadani, zinavumilia pembe. Bei yake itakukumbusha mahari.

Mtaalamu wa Kijiweni

Rudisha springi za zamani. Baba alikuwa...

Spana 17

Umesema ya baba yako ilikuwa imeinuliwa!

Mtaalamu wa Kijiweni

Alikuja kuishusha. 2003.

Chuma Kizee

Jumamosi nakwangua rangi amu ya kulia nione mshale. Nitatafuta na mashine nyingine, safari hii nasimama hapohapo mpaka nimwone anakata tairi, chai nitakunywa nyumbani.

Rasta ya Kimara

Mkuu Chuma Kizee, zile springi za zamani umezitupa? Nauliza tu. Nimeshatoa mninga.